Pikipiki ya Wifi Domitila

Binti yangu kapata leseni mwezi uliopita, na tayari pikipiki mpya hazitaki. Anataka ya zamani. Eti hizi za siku hizi zote ni sura moja. Kwa kuwa mlipaji ni mimi, Jumamosi nilimsindikiza hadi gereji moja hapa Mbeya, ambako fundi alikuwa nayo ya Kiingereza, rangi ya kijani, tangi limebonyea upande mmoja. Fundi akafungua kifuniko cha tangi tuone kama ndani kuna kutu. Ikatoka harufu ya petroli iliyokaa miaka, grisi na vumbi lililoungua. Binti yangu akainama, akanusa, akacheka kwa furaha. Mimi nikatafuta benchi nikakaa.

"Mama, ni presha?" akaniuliza.

"Ni umri tu," nikamjibu, na nilidanganya. Ni harufu ile. Wenzangu wa rika langu mnajua jinsi harufu isivyobisha hodi, inaingia tu na kukukuta ulivyo. Nilikaa pale nikiwa na mjukuu mmoja na meno ya bandia mawili, lakini ndani yangu alikaa mtoto wa miaka tisa aliyefanya kosa.

Tulikuwa tunakaa Ilomba, wakati huo mahindi yakiwa mengi kuliko nyumba. Mama alishafariki. Kaka yangu Lusajo alikuwa jeshini, kambi ya mbali kusini, akija nyumbani mara moja kwa mwaka kama akipata ruhusa. Tulibaki watatu: baba, mimi, na mke wa kaka, Domitila, mkunga, Mhehe wa Iringa. Nilimwita wifi na yeye aliniita wifi, kama ilivyo desturi. Mtu mzima mwenye sare nyeupe na saa ya kubana kifuani kumwita mtoto wa darasa la pili "wifi", tena mbele za watu dukani! Nilijiona mkubwa, nilimpenda kwa hilo tu hata kama angekuwa hana lingine.

Wasomaji wa Rungwe watanisamehe nikieleza wanachokijua. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hawali pamoja, hawaongei, na mkamwana hatamki jina la mkwewe. Wakikutana njiani mkamwana hutoka barabarani, akajifunika kichwa na kuinama pembeni mpaka mzee apite. Wifi Domitila aliyakuta haya alipoolewa na akayashika bila kulalamika, ingawa jikoni aliniambia akicheka, "Na sisi Iringa wakwe tunawaheshimu, wifi, ila hatujifichi kama tumeiba kuku."

Kiwanjani kwetu nyumba zilikuwa mbili, zimepeana mgongo. Baba akirudi alianza kukohoa akiwa bado kwenye uzio wa michongoma, na wifi akiwa nje aliacha chochote alichoshika akaingia ndani. Nimeona ndoo ikimwagika, nimeona uji ukiungua. Walipoongea, basi, waliongea kupitia kwangu. Nilipeleka chakula na kurudisha shukrani. "Mwambie ndaga." "Mwambie asante kushukuru." Kutwa niko njiani kati ya milango miwili. Watu pekee niliokuwa nao duniani hawakuwahi kukaa chumba kimoja, na kila nilipokuwa kwa mmoja nilikuwa nimemwacha mwingine peke yake. Nilikua hivyo, nikila nusu huku na nusu kule, na upweke wa namna hiyo mtoto hajui jina lake. Nilidhani ni njaa.

Kazi hiyo ya kutumwa baba aliipa uzito, maana yeye mwenyewe alikuwa tarishi enzi za mkoloni, akipeleka barua kwa pikipiki kutoka Mbeya kwenda Chunya. Kabla hajaniachia alinishika bega. "Usipunguze, usiongeze," alisema. Halafu ananifanya nirudie neno lenyewe mpaka aridhike.

Mwaka ule wifi alihamishiwa zahanati mpya ya kijiji cha ujamaa, huko chini ya milima ya Inyala. Sikuelezwa chochote. Nilichosikia ni baba akimwambia jirani yetu, "Bila pikipiki, kule hawezi." Nikaondoka na maneno hayo kichwani nikayapigia hesabu zangu. Bila pikipiki hawezi kwenda. Asipokwenda atabaki nami. Kwa hiyo adui yangu ni pikipiki. Hesabu ilinitosha, na sikumwuliza mtu mwingine.

Baba alikuwa na akiba yake ya uzeeni. Siku moja tukapanda basi, yeye na mimi, hadi Mafinga, kwa mzee Karsan, Mhindi mwenye kiwanda kidogo cha kupasulia mbao. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na hewa yote ilinuka utomvu wa misonobari. Kwenye banda lake, nyuma ya marundo ya mbao, kulikuwa na pikipiki mbili: moja ndogo nyekundu, inang'aa, na nyingine ya kijani kama ile ya gereji, kubwa, imefunikwa magunia.

"Atapanda nani?" mzee Karsan aliuliza.

"Kijana wangu," baba alijibu. Hakusema ni mkamwana.

"Amewahi kupanda?"

"Baiskeli tu."

"Basi hiyo nyekundu usimnunulie. Nyepesi hiyo, inaruka. Kijana ataona ameshajua, kumbe bado. Chukua hii." Akavuta magunia. "Nzito, kiti chake kiko chini, miguu yote inafika. Haina haraka. Mimi nimeanzia hii nikiwa na miaka kumi na tisa, na bado niko mzima, si unaona?"

Baba aliizunguka, akapapasa mnyororo, akanusa kidole kilichochovya oili. Akapiga kiki mara nne, ya tano ikawaka, na njiwa wote wa banda wakaruka. Hapo akauliza swali lililonishangaza. "Mlio wake unafika wapi?"

Mzee Karsan akacheka. "Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananisikia niko darajani kule chini, anaweka chapati jikoni. Nikiingia naikuta ya moto."

"Basi nachukua hii," baba akasema.

Nilisimama pale nikiuma ukosi wa sweta. Mtu gani ananunua pikipiki kwa sababu ya kelele? Nikajipa jibu mwenyewe: baba anamchukia wifi kiasi kwamba anataka kumsikia toka mbali apate kumkimbia. Ndio maana anamnunulia chuma kikuukuu kimpeleke huko milimani asirudi. Ninyi mnacheka, lakini mtoto aliyeona watu wawili wakikimbiana kila siku, aelewe nini kingine?

Kabla hatujaipakia kwenye lori la mbao, mzee Karsan alishika usukani wa pikipiki akabana breki ya mkono. "Hii tu umwonye. Inakamata ghafla. Kwenye kokoto, hasa akiteremka, asiiguse kabisa. Atumie ya mguu. Mtu wa baiskeli amezoea mkono, atakimbilia mkono. Mwambie."

"Ataambiwa," baba akasema, na akaweka kiganja chake kichwani kwangu.

Masomo yalianza wiki hiyohiyo, na kama kuna mtu aliwahi kufundishwa kupanda pikipiki namna ile, naomba anijulishe. Baba alisimama nyuma ya jiko, ametupa mgongo, uso kauelekeza mlima Loleza. Wifi alikuwa upande wa pili wa nyumba juu ya pikipiki, kanga imemfunika kichwa, naye kageuzia uso barabarani. Mimi katikati, nakimbia. Baba hakuona kitu, alisikiliza tu.

"Mwambie klachi anaiachia kama imemuunguza. Aiachie taratibu."

Nakimbia. "Baba anasema klachi usiiachie kama imekuunguza."

"Mwambie imeniunguza kweli, mkono unauma." Nakimbia.

"Mwambie pole. Na mwambie aache kukanyaga gia kama anaua nge."

Wifi alicheka hadi injini ikazimika. Nikarudi nyuma ya jiko nikamkuta baba na yeye mabega yanamtikisika, kaziba mdomo kwa kofia. Walicheka pamoja, kila mtu na upande wake wa nyumba, na aliyeona vicheko vyote viwili ni mimi peke yangu. Ningekuwa na akili ningeelewa siku ile kwamba hakuna aliyemchukia mwenzake. Lakini nilikuwa naona tu kwamba wifi anajifunza haraka, na kila alipofanikiwa kuzunguka kiwanja nilizidi kumpoteza.

Nikaanza kupunguza. Mwanzoni vitu vidogo. Baba akisema, "Mwambie anafanya vizuri," sikufikisha. Nilikaa kidogo upande wa wifi nikachezea vumbi kwa kidole cha mguu, nikarudi nikasema, "Amesikia." Nilitaka akate tamaa. Nataka hili lieleweke, maana nimelisema mbele ya Mungu mara nyingi: nilitaka ashindwe, sikutaka aumie.

Ikafika asubuhi ya kutoka barabarani kwa mara ya kwanza. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa imemwagwa kokoto mpya. Baba alinishika bega muda mrefu kuliko kawaida. "Mwambie hivi: kwenye mteremko wa kokoto asiguse breki ya mkono. Mguu tu. Akurudishie mwenyewe kwa mdomo wake mara tatu, ndipo aondoke. Umesikia, Tumpe? Sema."

Nikasema. Nikalisema sawasawa, hakuna lililokosekana.

Nikazunguka nyumba. Wifi alikuwa ameshawasha, amevaa suruali ya Lusajo na viatu vyake vya kazini, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo haikunihusu mimi. Ndiyo iliyoniudhi, nadhani. "Baba anasemaje, wifi?" akapaza sauti juu ya mlio.

"Anasema nenda salama," nikamwambia.

Akaondoka. Nilirudi nyuma ya jiko kumwambia baba kwamba amesikia, na amerudia mara tatu. Tukasimama tukiusikiliza mlio ukipita kwa majirani, ukapinda, ukaanza kuteremka kuelekea mtoni. Baba alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo kufuata gia. Kisha mlio ukakatika.

Baba alipiga hatua tatu kuelekea barabarani akasimama. Niliiona miguu yake ikitaka kwenda na yeye akiikataza. Mkamwana ameanguka njiani, labda nguo zimemvuka, labda kichwa kiko wazi, na mkwe hawezi kumkuta hivyo. Akanigeukia, na sijawahi tena kuuona uso wa mtu mzima ukiwa vile. "Kimbia," akaniambia. "Kimbia, mwanangu!" Yeye akakimbilia kwa jirani kuita wanaume wengine waende badala yake.

Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili, na bega likatoka. Uso ulichunwa na kokoto upande mmoja. Hospitali walimlaza kwenye kitanda cha dirishani, na siku ya pili baba alikuja akasimama nje kwenye baraza, mgongo kauelekeza dirishani, kofia mkononi. Akaniinamia na kusema polepole, "Nenda kamuulize. Nilimwambia atumie breki ipi kwenye kokoto?"

Kutoka barazani hadi kitandani kwa wifi kulikuwa na mzunguko wa korido ndefu. Nilipita wauguzi, nikapita mama mmoja aliyekuwa akipiga deki, na hatua zote hizo nilikuwa natafuta neno la kubadilisha. Ningeweza kusema baba anakuuliza umelalaje. Lakini nilipofika na kuuona ule uso uliochunwa, niliogopa kudanganya tena. Nikalitoa swali kama lilivyo.

Wifi aliniangalia. "Hebu rudia, wifi."

Nikarudia. Alikuwa mkunga, amezoea kusoma nyuso za watu wanaoficha maumivu, na wangu ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Nje ya dirisha mgongo wa baba haukutikisika. Nilingoja anitaje. Hata nilitamani anitaje, tumalizane.

"Mwambie baba," akasema, "aliniambia nitumie ya mguu. Nilisahau mwenyewe."

Nikarudi kwa korido ileile. Nikampa baba maneno hayo bila kupunguza, bila kuongeza. Kwa siku nyingi ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumfikishia neno zima, nalo ni uongo.

"Amesahau?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akageuza kofia mikononi. "Mwambie basi pikipiki naiuza. Mtu aliyerudia neno mara tatu na bado akalisahau, mimi siwezi kumweka barabarani. Nitamjibu nini mume wake? Mwambie nilidhani ni mtu makini." Hilo nalo nililipeleka zima. Wifi alilipokea akiangalia dari, akafunika macho kwa mkono uliobaki mzima, na kwa mara ya kwanza hakunipa jibu la kurudisha.

Alipotoka hospitali iliamuliwa akauguzwe kwa mama yake Iringa. Baba hakwenda stendi, asingeweza. Nilimsindikiza mimi na jirani yetu, mimi nikibeba kikapu chake. Jirani alipokwenda kumtafutia kiti cha mbele, wifi alinivuta karibu, tukakaa juu ya sanduku.

"Kwa nini hukuniambia, wifi?"

"Sikutaka uende," nikasema, na ndipo nikalia.

Hakunigombeza. Ningependa kuandika kwamba alinikumbatia, lakini hakufanya hivyo pia. Alikuwa amechoka. "Zahanati ningekwenda tu," akasema. "Ni kazi, nimeandikiwa barua. Bila pikipiki ningepanga chumba kulekule kijijini, nije hapa mwisho wa mwezi. Baba ndiye alikataa. Kaka yako ameniandikia yote. Mzee alisema mtoto asikose mtu nyumbani jioni. Aliinunua ili niwe narudi kwako."

Nikafuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Na akachagua yenye kelele," akaendelea, "ili anisikie mapema atoke yeye njiani, aingie kwenye mahindi. Maana mimi ningemwona ghafla ningeruka mtaroni na pikipiki yangu. Mimi sijawahi kusikia mkwe anayempisha mkamwana, wifi. Wewe umewahi?"

Basi likapiga honi. Jirani akamshika kiwiko, wifi akapanda, akakaa upande ambao sikuweza kumwona. Sikumwona tena mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, maana kaka alipomaliza jeshi walihamia Iringa moja kwa moja, na yeye akapata kazi huko.

Nilirudi Ilomba nikiwa nimeamua. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, upande ambao siku zote aliuachia wifi apite, maana sasa hakukuwa na wa kumkwepa. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote: yale madogo niliyokuwa nikiyameza, lile neno la breki, na uongo wa mara tatu. Nilimwambia na alivyosema wifi stendi. Nilingoja kuchapwa. Fimbo ilikuwepo palepale ukutani.

Hakuinua mkono. Aliangalia mlango wa nyumba ya pili uliofungwa kwa komeo. "Nimemwambia si mtu makini," akasema mwishowe. "Nimemwambia hivyo akiwa kitandani."

"Ndiyo, baba."

"Na amekubali." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi kuongea naye siwezi. Kumwandikia mkamwana barua nako ni mwiko. Sasa nimtume nani akamwambie?"

"Nitume mimi, baba," nikasema.

Aliniangalia bila hasira yoyote, na afadhali ingekuwepo hasira. Halafu akasimama akaingia ndani. Jioni ile nilipotaka kuwasha moto nikakuta kiberiti kimeisha, nikasimama mlangoni kwake nikingoja anitume dukani kama siku zote. Baba alivaa kofia yake, akanipita, akaenda kukinunua mwenyewe.